Tunampimaje Golikipa wa Pili?



Tangu mwanzo wa mwezi huu wa Desemba mmetuona kila jioni, saa kumi, kwenye uwanja wa shule: walimu wawili wa kike na wamama watatu wa kamati, tumekaa kwenye benchi lililotolewa darasani, kaye juu ya magoti, mwavuli mmoja kwa watu watano. Sokoni mmetuuliza tunaandika nini kila siku. Tunaandika mabao, wamama. Tunamtafuta golikipa wa pili wa ekipe yetu ya wasichana, kabla michezo ya kati ya shule haijaanza mwezi wa pili. Mama mmoja anayeuza mawese alituuliza mbele ya wenzake, bila kuficha: "Mwezi mzima, watu wazima watano, kwa kumchagua mtoto wa kukaa tu?" Hatukumjibu pale pale, kwa sababu jibu lake haliishi njiani na beseni likiwa kichwani. Tunajibu hapa.

Golikipa wetu wa kwanza mnamjua. Hakuna anayebishana juu yake. Lakini mtoto huyo yuko darasa la sita, na mwaka huu ni mwaka wake wa Eksetat. Kuanzia Pasaka, mama yake ametuambia wazi, vitabu vitakuja kwanza na mpira nyuma. Sisi ni walimu, hatuwezi kusema kinyume. Tena kila mara anatumwa Kindu kwa shangazi yake, na ninyi mnaijua njia yetu: mvua ikinyesha usiku, pikipiki inalala kwenye matope, na ukifika Alunguli bado Lualaba iko mbele yako unangoja mtumbwi. Mechi haingoji mtumbwi. Na hata akiwapo, kidole cha golikipa kinavunjika siku yoyote. Kwa hiyo anayeitwa wa pili si wa kukaa tu. Ni mtu ambaye siku moja, bila kuonywa, ataambiwa avae glavu, na wengine kumi watamtegemea.

Wazee wetu wanaokumbuka mwaka 1974 wanajua tunasema nini. Mwezi wa tatu wa mwaka ule Zaire ilichukua Kombe la Afrika, na mwezi wa sita ikaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, ilicheza na Yugoslavia. Golini alisimama Mwamba Kazadi, ambaye hakuwa kipa wa kawaida: ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa Kombe la Afrika la 1968. Hazikupita dakika 20, tayari mabao yalikuwa 3. Kocha Blagoje Vidinić, yeye mwenyewe Myugoslavia, akamtoa Kazadi dakika ya 21 na kumwingiza Dimbi Tubilandu. Kabla Tubilandu hajashika chochote, bao la nne likaingia. Kazi yake ya kwanza katika Kombe la Dunia ikawa kuutoa mpira nyavuni. Mechi iliisha 9 kwa 0. Wachezaji walikuwa wamekwisha vunjika moyo kwa sababu ya pesa zao ambazo hawakupewa, na mabeki mbele ya Tubilandu walikuwa wamezima. Lakini mpaka leo watu wakilihesabu lile 9, wanamhesabia yeye 6. Hilo linatuuma kila tunapolisikia. Hakuna golikipa duniani aliyeweza kuirudisha mechi ile. Alitupwa ndani ya moto uliokuwa ukiwaka tayari.

Sasa wekeni kando ya huyo mtu mwingine, wa mwezi uliopita tu. Tarehe 16 Novemba 2025, Rabat, Leopards na Nigeria, nani aendelee na njia ya Kombe la Dunia la 2026. Frank Onyeka alitufunga dakika ya 3, Meschack Elia akarudisha dakika ya 32, na baada ya hapo hakuna kitu mpaka mwisho wa nyongeza. Wengi wenu mlikuwa macho usiku ule. Wanaume walipiga kelele hata watoto wachanga wakaamka. Karibu na filimbi ya mwisho kocha Sébastien Desabre akamtoa Lionel Mpasi, golikipa wake wa kila siku, akamwingiza Timothy Fayulu kwa kazi moja: penalti. Baba mmoja wa jirani akaiita ile ya kocha wazimu. Fayulu alipoizuia penalti ya Semi Ajayi, nahodha Chancel Mbemba akaja, akafunga, 4 kwa 3. Baba yule alinyamaza.

Tubilandu aliingia dakika ya 21 ya mechi iliyokwisha haribika. Fayulu aliingia dakika za mwisho za mechi iliyopangwa, kwa kazi ambayo kocha alikuwa ameifikiria kabla. Tofauti hiyo ndiyo tunayoitafuta katika kaye yetu, na kwa kweli sehemu kubwa ya tofauti hiyo si mikono ya golikipa. Ni kazi ya wale waliomtayarisha.

Tuje basi kwa wasichana wetu. Majina hatuandiki, ni watoto wa watu. Wako watatu. Wa kwanza ni mrefu kuliko walimu wote, na mipira ya juu anaichukua kama mtu anayechuma papai. Wa pili ni mfupi, mwepesi, na ana sauti ambayo tunafikiri inasikika mpaka kwenye mashimo ya kasiterite. Wa tatu ni yule anayefika uwanjani na mdogo wake mgongoni, anamfungua, anamweka chini ya mwembe juu ya kitenge, kisha anaingia golini.

Tulianza kwa goli lenyewe. La mianzi lililokuwapo lilikuwa jembamba kwa karibu mita 1, na golikipa anayezoea goli dogo atashangaa siku ya mechi. Tulipima kwa kamba: mita 7.32 kutoka mti mpaka mti, mita 2.44 kwenda juu. Mahali pa penalti, mita 11. Mama mmoja wa kamati alisema kwa upana huo hata mbuzi watatu wakilala golini mpira utapita. Ndivyo ilivyo, na ndiyo maana hatumhesabii golikipa kila bao kama deni.

Wiki ya kwanza kila msichana alipigiwa mipira 20. Mrefu alizuia 13, mfupi 11, wa tatu 12. Kama tungekuwa watu wa haraka tungefunga kaye siku hiyo. Lakini hesabu hiyo peke yake hatukuikubali, maana mpira wa kupigiwa na mtu aliyesimama si mechi. Tuliomba mechi 3 za kirafiki na shule za karibu, na hapo ndipo penye shida ambayo tungependa muielewe vizuri, hasa ninyi mnaokuja kutazama na kurudi nyumbani mkisema "fulani hakufungwa hata moja, kwa nini hamumchagui?"

Katika mechi ya kirafiki, golikipa wa pili hachezi na ekipe ile ile anayocheza nayo wa kwanza. Kipindi cha kwanza wanacheza wakubwa. Kipindi cha pili mwalimu anawapumzisha, anawaingiza watoto, na golikipa wa pili anaingia pamoja nao. Mabeki mbele yake ni wale wanaokimbilia mpira wote pamoja kama kuku kwenye mchele. Au kinyume chake: wapinzani nao wamewatoa wafungaji wao, na mtoto wetu anamaliza dakika 30 akiwa ameshika mpira mara 2, zote mbili unakuja ukitambaa. Sifuri yake ni nzuri kuitazama, lakini inatuambia nini? Inatuambia kwamba hakuna aliyempigia. Msichana mrefu hakufungwa katika mechi ya kwanza, na katika mechi hiyo tuliandika kwamba alipigiwa mpira 1. Mfupi alifungwa 3 katika mechi ya pili, nasi tuliandika kwamba alipigiwa 11, na mbili kati ya zile tatu beki wetu alikuwa amekaa chini anafunga kamba ya kiatu. Hatusemi uongo, kaye ipo.

Basi tulifanya hivi. Mechi ya tatu tulimwomba bwana mwalimu wa michezo awaache mabeki wakubwa uwanjani mechi nzima na kuwabadilisha magolikipa tu, kila mmoja dakika 20. Alikubali, ingawa alilalamika kwamba wanawake tumegeuza mpira kuwa hesabu za kalkili. Na mazoezini tuliweka wapigaji wale wale watano, kwa mpango ule ule, kwa kila golikipa. Mpira tuliuloanisha, kwa sababu mwezi wa pili na wa tatu mvua itakuwa bado inapiga, na mpira wa ngozi uliolowa unaponyoka kama sabuni.

Kisha tuliandika kitu ambacho wanaume wa uwanjani hawakukiona kuwa na maana: baada ya kufungwa, anafanya nini? Mrefu huinamisha kichwa, na bao la pili huja haraka baada ya la kwanza. Tulihesabu, mara 3 kati ya 4. Mfupi huwapigia mabeki kelele, anawapanga upya, hata kama kosa lilikuwa lake. Wa tatu huuchukua mpira, anauweka chini, anatazama kama mdogo wake bado yuko chini ya mwembe, halafu anarudi kwenye mstari. Hasemi kitu. Na hapo tuligawanyika. Mmoja wetu alisema utulivu huo ni dhahabu. Mwingine akasema golikipa asiyesema ni nusu golikipa, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja wote, na beki hana macho kisogoni.

Tunaongea sana juu ya mpira katika mkoa huu. Maniema Union ilipofika makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025, pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR, hata bibi zetu walijua kuyatamka majina hayo. Lakini sikilizeni watu wakizungumza: ni wafungaji, wafungaji, kocha, tena wafungaji. Hatujasikia hata siku moja mtu ameuliza golikipa wa pili ni nani. Wanamjua siku ya kwanza akiumia.

Neno la penalti. Siku 2 tulifanya penalti tupu, mita 11, filimbi, mpigaji mmoja mmoja. Tuliwafundisha sheria kwanza, kwa maana wengi wanacheza kwa mazoea: tangu mwaka 2019 golikipa anatakiwa awe na walau mguu mmoja juu ya mstari au usawa wake wakati mpira unapigwa. Akitoka mapema na kuuzuia, inapigwa tena. Siku ya kwanza, penalti 15 kwa kila mmoja: mrefu alizuia 2, mfupi 3, wa tatu 6. Kumi na tano ni chache, mtu anaweza kubahatisha. Wiki iliyofuata tulirudia na wapigaji wengine: 3, 2, na wa tatu tena 5. Tulimuuliza anafanyaje. Alijibu kwa sauti ndogo kwamba anatazama mguu ule ambao haupigi. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Sasa ndugu zetu wa kike, hapa ndipo ilipo sehemu ngumu, na hatutaki kuizunguka. Wa tatu, kati ya mazoezi 16, alikuja 7. Siku nyingine mama yake yuko shambani kwenye mpunga mpaka jua linazama, na baba yuko machimboni wiki nzima. Nani achote maji, nani atwange sombe, nani abaki na mtoto? Yeye. Tulipoliweka neno hili mezani, mmoja wa walimu alisema sheria ni sheria, asiyekuja mazoezi hachaguliwi, la sivyo wale wanaokuja kila siku watasema nini. Sisi wengine tulisema mtoto huyu hakukataa kuja. Alizuiwa na kazi ambayo sisi sote tunaijua kwa mikono yetu. Tukimwandikia sifuri ya kutofika, tunampima mama yake, si yeye. Lakini pia ni kweli, na tulilisema mbele ya mama yake tulipomtembelea, kwamba golikipa hawezi kuzoeana na mabeki wake akiwa jikoni. Mazoezi 9 aliyokosa hayatarudi kwa sababu tunamhurumia.

Mama yake hakukasirika. Alituuliza tu: "Mkimchukua huyu, mdogo wake atabaki na nani?" Swali hilo lilitukalisha hadi giza. Mwishowe wamama wanne wa likelemba yetu wa mtaa ule walipanga zamu: Jumanne na Alhamisi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, mtoto anakaa kwa mmoja wao. Maji atachota asubuhi. Sombe, tulimwambia kaka yake mkubwa ana mikono miwili. Huyo kaka alitutazama kama tumemtukana, lakini Alhamisi iliyopita tulipopita tulimkuta kwenye kinu, anatwanga vibaya, mafuta yote chini.

Uamuzi wetu, kwa kura 3 dhidi ya 2, ni huu. Golikipa wa pili ni yule mfupi mwenye sauti. Anakuja kila siku, mabeki wanamsikia, na bao halimvunji. Wa tatu anaingia katika orodha kwa ajili ya penalti, na atafanya mazoezi na mabeki wa kwanza mara 1 kila wiki, si na watoto peke yao. Msichana mrefu tumemwomba acheze beki wa kati, kwa sababu kichwa chake na miguu yake mirefu vinahitajika hapo, na tulipomjaribu aliondoa mipira yote ya juu.

Mama wa yule mrefu alitujia nyumbani siku ya pili, akiwa na hasira. Alisema tumempendelea yule mfupi kwa kuwa mama yake ni mwanachama wetu na yeye si mwanachama. Tulimpa kaye. Aliketi akaisoma ukurasa kwa ukurasa, siku kwa siku, na kwa kweli alikuta siku moja ambayo hesabu ya mtoto wake ilikuwa nzuri kuliko wote, akatuonyesha kwa kidole. Tulikubali, ndiyo, siku hiyo alikuwa wa kwanza. Hakuondoka na furaha, lakini aliondoka na kahawa tumboni, na mtoto wake Jumamosi alikuwa uwanjani.

Na golikipa wa kwanza? Huyo naye tulizungumza naye mapema, peke yake. Mwaka 2014, Kombe la Dunia la Brazil, Uholanzi ilicheza na Costa Rica, na dakika ya mwisho kabisa ya nyongeza kocha Louis van Gaal alimtoa Jasper Cillessen na kumwingiza Tim Krul kwa penalti. Krul alizuia 2, Uholanzi ikapita kwa 4 kwa 3. Krul alikuwa ameambiwa mapema kwamba jambo hilo linaweza kutokea. Cillessen hakuambiwa, na hasira yake alipotoka dunia nzima iliiona. Hatutaki mtoto wetu atoke uwanjani namna hiyo mbele ya wazazi wake. Tulimwambia: ikifika penalti, huenda tukakutoa, na si kwa sababu umefanya vibaya. Mpasi aliyetolewa Rabat ndiye yule yule aliyetupeleka robo fainali mwezi Januari 2024 kule San-Pédro, Côte d'Ivoire, alipoifunga mwenyewe penalti ya ushindi dhidi ya Misri, 8 kwa 7. Na golikipa wa Misri aliyegonga mwamba kabla yake, Mohamed Abou Gabal, naye alikuwa wa pili, aliingia kwa sababu Mohamed El Shenawy aliumia bega. Mtoto alifikiri, kisha akatuuliza kama akitolewa atampa mwenzake glavu zake au mwenzake ataleta zake. Swali la maana: tuna jozi 1 tu, na imetoboka kidole gumba.

Kwa hiyo, wamama, tunaomba mambo mawili. Kwanza, katika likelemba ya mwezi wa kwanza, tuangalie kama tunaweza kutoa bei ya jozi ya pili ya glavu. Pikipiki inayokwenda Kindu Jumatatu inaweza kuzileta. Pili, zamu ya Jumanne bado haina mtu wa wiki ya tatu. Anayeweza kubaki na mtoto saa 2 amwone mwalimu wa darasa la nne, au aje uwanjani saa kumi. Mtoto halii sana, anapenda ndizi.